Kliniki ya maumivu sugu, Upanga: daktari anayemuuliza mgonjwa mwenyewe

Naipendekeza kliniki hii ya Upanga, Dar es Salaam, kwa sababu moja kubwa: daktari wake anakubali kwamba hakuna mashine inayoweza kupima maumivu yenyewe, jinsi anavyoyasikia mwenye nayo.

Mama yangu anaumwa kiuno kwa miaka mingi, na hospitali tuliyotangulia kwenda ilimwambia kuwa picha ya MRI, ile ya sumaku inayoonesha ndani ya mwili, haikuonesha tatizo la kumuumiza kiasi hicho, kauli ambayo kwa mgonjwa ni sawa na kuambiwa anajisingizia. Daktari wa hapa aliitazama picha ileile, kisha akatueleza habari za utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1994, ambapo watu 98 wasioumwa mgongo walipigwa picha hiyo na zaidi ya nusu yao wakakutwa na angalau diski moja, yaani kile kimto kilicho kati ya pingili za mgongo, iliyotuna. Picha inaonesha hali ya pingili na mishipa, kuuma haikuoneshi.

Alipoombwa ayapime maumivu yake kuanzia 0 hadi 10, mama aliuliza, "Daktari, hiyo kumi ndiyo ipi, ya uchungu wa uzazi au zaidi ya hapo?" Daktari hakumharakisha wala hakujifanya ana jibu. Alimweleza kwamba hakuna awezaye kuilinganisha saba yake na saba ya jirani yake, na kwamba namba hiyo inafaa kumlinganisha yeye wa leo na yeye wa mwezi ujao. Kisha akamuuliza huweza kukaa akichambua mchele kwa muda gani kabla hajalazimika kuinuka, akaliandika jibu kwenye faili. Dawa na mazoezi aliyompa vinategemea yale ambayo sayansi inayajua vizuri kuhusu mishipa ya fahamu, na nafuu ipo, ingawa si kupona. Hata jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa maumivu, ilipoirekebisha tafsiri yake ya neno "maumivu" mwaka 2020, ilisisitiza kwamba maelezo ya mgonjwa yaheshimiwe.

Ada si ndogo, na bima yetu haikuilipa. Kasoro iliyoniudhi zaidi ipo mapokezi, ambako nilipewa fomu nijaze kiwango cha maumivu ya mama ilhali yeye amekaa pembeni yangu, hajaulizwa. Ukimpeleka mgonjwa wako, mpe yeye kalamu, au mwulize kwanza uandike anavyosema.