Nimelipa Sh 15,000 kununua povu

Nianze na chupa, maana ndiyo iliyonichefua. Seti ya usafi wa bafu "ya asili" niliiagiza mtandaoni hivi karibuni: chupa ya kupuliza, kopo la skrabu ya mwili na kibrashi. Muuzaji simtaji. Boda alipoikabidhi, chupa ilikuwa imevimba mpaka kitako kimekuwa duara, haisimami mezani. Kulegeza kifuniko tu, kikafyatuka. Nikapulizia bomba lenye utando mweupe, nikasubiri nusu saa, nikasugua. Utando uko palepale, kana kwamba nimepulizia maji ya dafu.

Soma kibandiko uone: siki, beking soda, maji, mafuta ya mchaichai. Jamani, siki na beking soda kwenye chupa moja! Siki ni asidi, beking soda ni besi, zikikutana zinauana. Lile povu ni kaboni daioksaidi inayotoka, na likishatulia kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi tu, hayali chokaa wala hayakati gaga la sabuni. Hesabu yake nyepesi: kikombe cha mililita 250 cha siki ya asilimia 5 kinamalizwa nguvu na gramu 17 na ushee za beking soda, yaani kijiko kikubwa kimoja na kidogo juu yake. Kikombe hicho hicho kinatoa hewa inayokaribia lita 5. Wewe unaifungia kwenye plastiki, unampa boda aipitishe juani. Ingepasuka mgongoni kwake je?

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu: "Dada, hivi viwili havikai chupa moja." Akajibu kwa sauti, tena anacheka: "Povu ndilo linalosafisha, dada yangu. Wenzako wote wanasifia, wewe tu ndiye unajifanya mkemia." Kisha akanizuia nisimwandikie tena. Mkemia! Kusoma kibandiko chako mwenyewe siku hizi ni ukemia.

Haya, kwa sababu vitu vyenyewe havina kosa, kosa ni kuvichanganya pamoja: siki iachwe ipambane na chokaa peke yake. Maji ya visima huku Dodoma ni magumu, yanaacha gamba jeupe kwenye mabomba na yanaziba matundu ya shawa. Kwa shawa, tafuta mfuko laini wa mkate (rambo zilishapigwa marufuku 2019), mimina siki mpaka matundu yazame, funga kwa raba bendi, acha saa 1, kisha pitisha mswaki mkuukuu na ufungulie maji kwa nguvu. Kwa bomba, zungushia kitambaa kilicholowa siki kwa dakika 30. Kupulizia pekee hakusaidii, maana siki hutiririka na kukauka kabla haijala kitu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakasema siki ni uongo. Usiilaze usiku kucha kwenye bomba la kromu hafifu, utaamka rangi imebanduka. Na kama sakafu yako ni terazo au marumaru ya jiwe halisi, weka mbali siki na ndimu: jiwe hilo lenyewe lina chokaa, litapauka, na ule mng'aro haurudi kwa kusugua. Hata simenti ya kwenye maungio ya vigae huliwa polepole, kwa hiyo ilowanishe maji kwanza na usuuze mapema.

Beking soda kazi yake ni gaga la sabuni na mafuta ya mwili kwenye sinki na beseni. Vijiko 3 kwa kijiko 1 cha maji, uwe uji mzito unaoshika ukutani, tone la sabuni ya vyombo, dakika 10, sugua. Dukani usipewe beking pauda. Ile ina asidi yake ndani na wanga, utabaki unasuuza utelezi. Kostiki ya watengeneza sabuni ndiyo usiiguse kabisa, inaunguza ngozi.

Mpaka hapo nilikuwa natoa nyota 2, nikijua nimetapeliwa lakini sijadhurika. Nikageuza chupa. Nyuma, kwa maandishi ya sisimizi: "Kwa choo sugu, ongeza kifuniko kimoja cha jiki."

Ngoja niziondoe hata hizo nyota 2. Jiki na asidi yoyote, iwe siki, ndimu au ile dawa kali ya choo, hutoa gesi ya klorini. Bafu zetu zina kidirisha kimoja, na mlango mtu kaufunga. Macho yanawasha, kifua kinabana, kikohozi kinakuja. Ukishachanganya kwa bahati mbaya usianze kuongeza kingine ili "kupoza": toka, acha mlango wazi, hewa ipite. Ajabu ni kwamba kosa lao la kwanza huenda ndilo linalowaokoa wateja na kosa la pili, kwa kuwa siki imeshauawa na soda. Lakini siku aliyeweka soda akipunja kijiko, je?

Sasa naudhika zaidi, kwa sababu skrabu yao ni nzuri. Kweli nzuri. Sukari sehemu 2, mafuta ya nazi sehemu 1, hakuna maji ndani kwa hiyo haivundi upesi, na hawakutia limau, ambalo likibaki kwenye ngozi kisha ukatoka juani linaacha madoa ya kuungua. Ichote kwa kijiko kikavu. Kabla ya kuoga jifute mafuta ya ziada kwa tishu, kwani mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na kipupwe cha huku kitayagandisha kwenye kona ya bomba la maji machafu. Sakafu pia isuguliwe kwa sabuni mara moja, inateleza vibaya.

Chupa sifuri, kopo nyota 4. Kopo nitanunua tena, ila itabidi nimtume jirani akaagize, mimi nimezuiwa.