Huduma ya nakala pacha kati ya Kisumu na Nakuru: yanayostahili kulipiwa na yanayopaswa kudaiwa

Kampuni moja ya huduma za seva hapa Kisumu huwauzia Sacco, hospitali ndogo na maduka ya jumla huduma ambayo kila kinachoandikwa kwenye seva ya mteja mjini hunakiliwa katika kituo cha data kilichoko Nakuru, ili jengo la Kisumu likiungua, likifurika au mitambo yake ikiibwa, kazi iendelee kutoka upande wa pili. Sacco yetu ni mteja wake, nami ndiye ninayesimamia mifumo. Ninaipendekeza huduma hii, ila kwa sharti moja zito: mteja asikubali kuambiwa kwamba nakala ya Nakuru inatosha bila bakapu, yaani nakala za akiba za data ya nyakati zilizopita, zinazotunzwa kando.

Mteja huchagua kati ya njia mbili. Katika ya kwanza, karani hajibiwi kwamba muamala umehifadhiwa mpaka Nakuru nayo ithibitishe kuwa imeuandika. Hapo hakuna kinachopotea, lakini kila uandishi hulazimika kungoja safari ya kwenda na kurudi. Mwanga ndani ya faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo inayobeba data, husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na Nakuru iko umbali wa karibu kilomita 180 kwa barabara ya Kericho, kwa hiyo safari hiyo huchukua karibu milisekunde 2 (sehemu mbili za elfu za sekunde) kabla hata vifaa vya njiani havijaongeza ucheleweshaji wao. Muda huo hauonekani kwa mtu anayeweka akiba dirishani, ila kazi ya kukokotoa riba mwishoni mwa mwezi huandika mamilioni ya mistari, mmoja baada ya mwingine, na hapo milisekunde hizo hujumlika zikawa masaa. Katika njia ya pili Kisumu hujibu mara moja na kutuma baadaye, na mkataba huahidi kwamba kitakachopotea janga likitokea hakitazidi kazi ya dakika 5. Kampuni ilitushauri tuchukue hii ya pili, ambayo ndiyo ya bei nafuu. Si kawaida ya wauzaji wa mitambo, na ushauri ulikuwa sahihi.

Jambo ambalo hawalitaji mpaka waulizwe ni umeme. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikaa gizani kwa saa nyingi, nayo Kisumu na Nakuru zinalishwa na gridi ile ile ya taifa. Vituo viwili vilivyo mbali kwa ramani ni kituo kimoja tu ikiwa vyote vinategemea gridi hiyo. Mteja aulize jenereta ya kila upande ina dizeli ya saa ngapi, na ni nani anayeileta zaidi usiku. Vivyo hivyo kwa faiba: laini mbili zilizozikwa katika mtaro mmoja kando ya barabara hukatwa na tingatinga moja. Sisi tulidai laini ya pili ipitie Eldoret, na tukakubaliwa.

Walichokipanga vizuri tangu mwanzo ni shahidi, yaani seva ndogo iliyowekwa Nairobi. Mawasiliano kati ya Kisumu na Nakuru yakikatika huku pande zote mbili zikiwa hai, kila upande waweza kudhani mwenzake amekufa na kuanza kupokea miamala, kisha salio la mwanachama mmoja likawa na matoleo mawili yasiyopatanishika. Upande unaopewa kura na shahidi ndio unaoendelea, mwingine hunyamaza.

Sasa kuhusu bakapu. Mfumo wa kunakili hauna akili ya kutofautisha kazi halali na uharibifu. Karani akifuta jedwali la mikopo, au kirusi cha kudai fidia kikiyafunga mafaili mpaka pesa zilipwe, Nakuru itapokea uharibifu huo kwa uaminifu ule ule. Kinga yake ni nakala za vipindi, zinazoonyesha data ilivyokuwa saa fulani, na zisizoweza kubadilishwa na yeyote kwa siku 30. Kampuni huziuza kama nyongeza, jambo ambalo naliona kuwa kasoro kubwa kuliko zote za bei yao. Wala nakala hizo zisikae jengo moja na data yenyewe. Kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, kilipoungua tarehe 10 Machi 2021, baadhi ya wateja walipoteza data pamoja na bakapu zake, na moto wa Septemba 2025 mjini Daejeon, Korea Kusini, uliteketeza takriban terabaiti 858 za hifadhi ya watumishi wa serikali ambazo hazikuwa na nakala mahali pengine.

Sehemu yenye thamani zaidi ya huduma hii ni zoezi la kuhama. Siku ya Jumapili, madirisha yakiwa yamefungwa, seva ya Kisumu huzimwa kwa makusudi na kazi kuhamishiwa Nakuru. Katika zoezi la kwanza hifadhidata iliamka ndani ya saa 1 iliyoahidiwa, lakini malipo ya wanachama kwa simu hayakuingia, kwa sababu anwani ya kupokelea taarifa za malipo ilikuwa bado inaelekeza Kisumu. Mafundi walirekebisha na kurudia zoezi bila kututoza. Hakuna ripoti ya kila mwezi yenye alama za kijani ambayo ingetufichulia hilo.

Kwa upande wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, nakala zote hukaa ndani ya nchi na husafiri zikiwa zimesimbwa, yaani zimegeuzwa zisisomeke bila funguo maalumu, na funguo hizo tunazishika wenyewe.

Kilichosahaulika katika mkataba wao ni safari ya kurudi. Baada ya kazi kufanyika Nakuru kwa wiki nzima, miamala yote mipya hupaswa kurejeshwa Kisumu kwenye mitambo mipya, na mkataba wa kawaida hausemi ni nani anayelipia wala itachukua muda gani. Tulipowabana, waliongeza kifungu kinachowafunga kurejesha kila kitu bila malipo ndani ya siku 14 tangu mitambo mipya iwashwe. Kifungu hicho hakimo katika nakala wanayowapa wateja wapya. Kiombwe kwa maandishi kabla ya kutia sahihi.