GR Yaris tamu, duka la matairi chungu

“Bosi, hii ni Vitz tu.” Maneno hayo yameniuma kuliko bili yenyewe. Aliyeyasema ni msimamizi wa duka kubwa la matairi hapa Nairobi, lenye mashine za kisasa na makochi ya wateja, baada ya vijana wake kufunga 225/45R18 mbili nyuma ya GR Yaris, Toyota ndogo ya kasi inayovutwa na magurudumu yote manne, inayotakiwa kuvaa 225/40R18 pande zote nne. Nilipomwonyesha namba zilizoandikwa ubavuni, alicheka, akageukia mteja mwingine. Na wapo wanaoniuliza kama wanunue gari hili.

Si Vitz. Vitz za mtaani hufungwa gurudumu kwa nati nne. Hii ina tano. Fundi anayeshika spana kutwa nzima angeliona hilo kabla hata ya kupiga jeki.

Na hesabu yenyewe ni nyepesi. Ile 40 ni asilimia: kimo cha ubavu wa tairi kikilinganishwa na upana wake, yaani milimita 225. Asilimia 40 ya 225 ni milimita 90. Asilimia 45 ni 101. Weka hiyo juu na chini ya rimu, kipenyo kinaongezeka zaidi ya milimita 22. Kila tairi la nyuma likizunguka mara moja linasonga sentimita 7 zaidi ya la mbele. Katika kilomita moja, ya mbele yanazunguka karibu mara 500, ya nyuma kama 483. Kwenye gari linalovutwa na mbele peke yake, pengine ungeishia kusumbuliwa na taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu kukwama ukifunga breki. Kwenye hili unachoma kifaa cha bei.

GR Yaris haina difu ya katikati, ile gia inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti. Propela, ule mhimili mrefu chini ya gari, inapeleka nguvu nyuma hadi kwenye kapulingi ya sahani nyingi, kiungo kinachoshika na kuachia kama klachi, kilichokaa mbele ya difu ya nyuma, na kompyuta ndiyo inayoamua sahani zibanwe kiasi gani. Tena uwiano wa gia za nyuma umepishwa kidogo na wa mbele tangu kiwandani, makusudi, ili nyuma ipate hata asilimia 70 ya nguvu ukichagua hali ya Sport kwenye toleo la kwanza. Kwa hiyo kuteleza kidogo kwa sahani ni sehemu ya kazi yao. Funga matairi makubwa nyuma na mtelezo huo unakuwa mara kadhaa ya uliokusudiwa, barabara nzima, hata ukienda pole. Sahani zinasuguana, joto linapanda, halafu kompyuta inaachia nyuma ili kuokoa mali.

Ndicho kilichotokea majuzi kwenye mpando wa kutoka Mai Mahiu, malori mbele na bonde pembeni. Onyo likawaka, kwa Kijapani kwa kuwa gari ni la soko la Japani, na katikati ya kona usukani ukabadilika tabia: mbele inavuta, nyuma imekufa. Ikikupata hiyo, usikanyage zaidi. Tafuta mahali salama, simama, acha injini inaunguruma mpaka onyo lizime. Likirudi baada ya mwendo mfupi, chanzo hakijaondoka. Anza na matairi kabla hujamruhusu mtu yeyote kufungua kapulingi.

Nilipowarudia, wakasema gari lilikuja na ugonjwa wake. Halafu wakadai 225/40 hazipatikani mjini. Kama hazipatikani, sema hazipatikani! Ningeliacha gari hapo hapo hata wiki. Mafuta ya difu ya nyuma yalipomwagwa yalitoka meusi, yananuka kuungua, maana joto la kapulingi huhamia huko. Gharama hiyo wamekataa kuilipa.

Kwa hiyo jibu langu kwa wanaoniuliza lilikuwa moja: usinunue. Miji yetu haina subira na gari la namna hii. Haibebi tairi la akiba. Unapewa dawa na pampu ya pancha, na mashimo yetu hayatoboi tairi la ubavu mfupi, yanalipasua. Dawa haizibi ubavu. Boneti, milango na mlango wa nyuma ni alumini, paa ni la kaboni, na wapiga bodi wengi wamezoea chuma. Na breakdown ikija, lazima iwe ya kubeba gari zima mgongoni. Wakiinua mbele na kuburuta nyuma, tusijuane.

Lakini lilipofungwa 225/40 nne zinazolingana nikalirudisha mpando ule ule, na sasa naona aibu kuliita baya. Injini ya silinda tatu inasukuma kutoka chini bila kungoja turbo iamke. Ukitoka kwenye kona na kukanyaga mapema, unahisi nyuma ikikusukuma badala ya mbele kukukokota. Handibreki ni ya mkono, na ukiivuta kapulingi inaachia nyuma yenyewe, ili gari ligeuke kama la rali. Breki hazikuchoka mteremko mzima. Wanaolitaka kwa sababu Toyota ilishika nafasi nne za kwanza kwenye Safari Rally ya Naivasha mwaka 2022 na tena 2023 wajue lile la Rally1, daraja la juu la mashindano hayo, ni gari jingine chini ya bodi. Hili la barabarani linapendeka kwa haki yake lenyewe.

Ukiagiza Japani, jihadhari na toleo la RS. Umbo ni lile lile, lakini ni injini ya 1.5 isiyo na turbo, giaboksi ya CVT, ya otomatiki isiyo na gia za hatua, inavutwa na mbele. Usiamini picha za mbele na beji. Omba picha ya chini, upande wa nyuma: pasipo na propela na difu, hiyo ni RS, na bei iwe ya RS. Unayotaka ni RZ, na ikiwezekana RZ High Performance, yenye difu za Torsen mbele na nyuma, zinazozuia gurudumu moja kuzunguka bure.

Matairi nunua manne, aina moja, siku moja. Hamisha ya mbele yaende nyuma kabla ya kilomita 8,000, kwa sababu ya mbele huisha haraka. Pima kina cha meno kwa geji. Mimi sikubali tofauti ya zaidi ya milimita 2. Moja likipasuka na mengine yamelika nusu, usifunge jipya moja. Tafuta lililotumika lenye meno ya kina hicho hicho, au badilisha yote. Ni ghali, na ndipo moyo wangu unaporudi nyuma tena: kama mfuko wako hauruhusu manne kwa mkupuo, chukua Golf GTI ya Volkswagen. Ile inavutwa na mbele, na utabadilisha mawili mawili bila kuua kitu.