Kasi Yao Naikubali, Kauli Yao Siikubali

Msiingie faiba ya hawa watu, ile intaneti ya waya wa kioo. Naanza na hilo kwa sababu bado nina hasira, na jina la kampuni sitalitaja.

Juzi kati hapa lori la taka lilipita mtaani kwetu Tudor, Mombasa, likanasa waya wa faiba yangu na kuukata. Niliuona kwa macho yangu ukining'inia kwenye nguzo. Nikaingia ndani kuitazama ruta: taa ya LOS inawaka nyekundu. Mwenye faiba nyumbani anajua maana yake, mwanga haufiki kwenye kile kisanduku. Hapo uzime, uwashe, ulale nacho kitandani, haisaidii kitu. Ni fundi aje aunge waya.

Kumpata mtu wa kumwambia hivyo ndiyo kazi. Ukipiga simu ni bonyeza moja, bonyeza mbili, muziki, kisha inakatika. Nikaandika kwenye WhatsApp yao, roboti likanishauri nizime ruta, ningoje kidogo, niwashe. Nikaandika tena kwamba waya umekatwa na lori. Likanishauri nizime ruta.

Usiku ndipo nikampata kijana mmoja. Nikamsalimu, nikamweleza taratibu habari ya lori, nguzo na taa. Salamu hakuijibu. "Mzee, umezima ukawasha?" Nikamwambia waya umekatika, mwanangu, nimeuona. Akasema: "Wewe mambo ya faiba umeyajulia wapi? Ngoja kijana wa hapo nyumbani arudi, nitaongea na yeye." Akakata simu.

Neno hilo linanichoma mpaka sasa. Mambo haya nimeyajulia wapi? Nimeyajua tangu mwisho wa miaka ya 1990, wakati modemu inalia kwanza ndipo iunganishe intaneti kwa laini ya simu, na mtu akitaka kupiga simu ya nyumbani hana budi kungoja nimalize. Nimeyajulia kwenye saiba za Digo Road, vile vibanda vya kompyuta za intaneti, tunalipa kwa dakika huku saa ikihesabu pembeni mwa skrini na picha moja ikishuka mstari kwa mstari. Kila kitu kilipita kwenye setilaiti iliyo juu karibu kilomita 36,000, kwa hiyo ukiongea na mtu wa Muscat maneno yanagongana: mama anauliza kama umekula, mtoto ndiyo kwanza anajibu hujambo. Ilikuwa intaneti mbovu. Siisifu.

Lakini mwenye saiba alikuwepo pale. Kina mama waliokuja na anwani ya mtoto iliyoandikwa kwenye kikaratasi aliwafungulia akaunti ya Yahoo, akawaandikia barua kama walivyotamka, na majibu yakija akawasomea kwa sauti ya chini wengine wasisikie. Laini ikilala alisema imelala, akasimamisha saa. Hakuna aliyeambiwa akamlete kijana wake. Yahoo Messenger ilipofungwa mwaka 2018, kuna watu nilikuwa nao humo tangu enzi hizo ambao sijawapata tena, na mpaka leo nikiwakumbuka naumia.

Halafu hapa ni Mombasa. Juni 2009 waya wa intaneti wa chini ya bahari uitwao TEAMS ulitua hapa kutoka Fujairah, Uarabuni, Julai mwingine, SEACOM, ukawaka, na baadaye nyaya nyingine zikafuata. Hata Uganda na Rwanda, nchi kavu huko, intaneti yao nyingine inatokea baharini kwetu. Februari 2012 meli ilipotia nanga palipokatazwa nje ya bandari na kuukata ule wa TEAMS, tulitangaziwa nini kimetokea na kwamba matengenezo yangechukua wiki kadhaa. Tulikasirika, lakini tulijua. Uliokatika chini ya bahari, asiouona mtu, ulitolewa maelezo. Huu wa nguzo ya Tudor, ambao naweza kuusogeza kwa fimbo, naambiwa sijui ninachosema.

Haki isemwe: ikiwa nzima, faiba yenyewe haina mfano. Wajukuu walioko Muscat nawaona mpaka jino lililong'oka, na hakuna neno linalogongana na jingine. Hilo siwezi kulidhulumu. Na fundi waliyemleta mwishowe alikuwa mtu na adabu zake. Alipiga hodi, akanisikiliza mpaka nikamaliza, akaitazama ile taa na kusema, "Ni kama ulivyosema, mzee wangu." Akapanda nguzo, akasafisha ncha mbili za kioo, akaziyeyusha zikashikana kwa kile kimashine chao kidogo. Adhuhuri haijaingia taa ikawa kijani. Kwa ajili yake nilitaka kabisa kuufuta ule mstari wa kwanza.

Alipoondoka nikafungua simu nikakuta ujumbe wa kampuni, umetumwa kabla hata fundi hajatumwa kwangu: lalamiko limefungwa, mteja hakupatikana. Mimi, niliyekuwa nawapigia kutwa! Nikauliza kuhusu siku nilizokaa gizani, zitaongezwa kwenye kifurushi? Roboti likanishauri nizime ruta.

Mstari wa kwanza ubaki. Kifurushi changu kinakaribia kuisha na sijalipa. Fundi yule wakimtoa nguzoni wakamweka kwenye simu, nitalipa hata leo. Vinginevyo, kama kuna mtu wa Tudor au Makupa ana kampuni ambayo ukiipigia unajibiwa salamu kwanza, aniambie, maana nahama.