Mfumo wao hauwaoni wateja walioondoka mikono mitupu

"Mama, usibishane na mfumo." Hivyo ndivyo kijana wa msambazaji wa spea za magari alivyonijibu kaunta, dukani kwangu Nyakato, Mwanza, madereva wamesimama wanasikiliza. Hata shikamoo hakutoa. Alikuja na simu yake, akahesabu rafu, akabonyeza, akataka kuondoka.

Kwa wenye maduka ya spea mnaoshawishiwa kuingia mpango huu: msiufananishe na mali kauli, ile ya kuchukua mzigo na kulipa ukishauza. Kwenye mali kauli mzigo unauchagua wewe. Hapa wao wanaweka bidhaa zao kwenye rafu yako, kila unachouza unakiskani kwa simu, ofisi yao Dar es Salaam inaona kilichobaki na kuamua ilete nini na kiasi gani. Unalipia kilichouzwa tu. Kila kifaa wamekipangia kiwango cha chini na cha juu. Kikishuka hadi cha chini, kinapakiwa kwenye lori.

Pedi za breki za mbele za Hiace zilikwisha. Lori likachelewa. Katika kipindi hicho madereva walikuja asubuhi na jioni nikawarudisha, na kwa kuwa sikuuza, sikuwa na cha kuskani. Mfumo ukasoma sifuri, ukaona pedi hazitakiwi, ukashusha kiwango! Mzigo uliofuata ukaja kiduchu, ukaisha haraka, sifuri zikarudi. Kadiri watu wanavyozikosa ndivyo wanavyozidi kutoletewa. Wakati huohuo rafu ya juu imejaa belti za magari ambayo huku kwetu sijayaona barabarani.

Nikamweleza kijana kwamba tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wateja wa Sengerema na Geita wanafika kwangu bila kusubiri kivuko, na hesabu za ofisi ya Dar zimejengwa juu ya mauzo ya kabla ya hapo. Akasema Toyota wenyewe ndivyo wanavyofanya, hawarundiki mzigo.

Mwanangu, Toyota wanaletewa vifaa viwandani na wauzaji walio jirani, siku hiyohiyo, mara kadhaa. Toka Dar mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 1,100. Na hao Toyota yaliwakuta Februari 1997, kiwanda cha muuzaji wao Aisin, mjini Kariya, kilipoungua. Kilikuwa kinawatengenezea karibu valvu zote za breki za aina fulani, na akiba waliyokuwa nayo ilikuwa ya saa chache. Viwanda vyao Japani vikasimama kwa siku kadhaa kwa kukosa kifaa kidogo cha breki. Sisemi utaratibu wao ni mbaya. Nasema wao walipokosa kifaa gari halikutoka kiwandani, ila huku Mwanza gari lisilo na pedi linaendelea kubeba abiria, maana dereva ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni.

Haki yao niwape. Mtaji wangu haujalala kwenye rafu, sijakopa kikoba kwa ajili ya mzigo tangu tuanze, na filta za oili hazijawahi kukatika hata mara moja. Plagi vilevile. Vitu vinavyotoka kwa mwendo uleule mwezi hadi mwezi wanavimudu kuliko nilivyokuwa nikivimudu mwenyewe. Ningeandika haya jana asubuhi ningewapa nyota tatu, na ningemshauri anayeanza duka bila fedha ajaribu.

Lakini jana jioni alirudi dereva mmoja niliyekuwa nimemkosesha pedi. Amekuwa akishuka mteremko wa Bugando na abiria, chuma kinasaga diski mpaka diski yenyewe imekwisha. Sasa anatafuta vyote viwili. Alinilaumu mimi. Huyo wa Dar yeye hamjui, jina lililo juu ya mlango ni langu.

Nyota moja, na hiyo ni ya filta. Nimewaambia pedi, bushi na boljointi waondoe kwenye mfumo wao, nitanunua mwenyewe kwa fedha yangu. Zilizobaki waendelee nazo kwa sharti moja: kwenye simu ile waweke sehemu ya kuandika mteja aliyeulizia akakosa, na hesabu hiyo ipande Dar pamoja na mauzo. Kijana amesema atafikisha. Wakikataa, rafu waje waichukue, na belti zao wasizisahau.