TAHADHARI: "Betri za mnara wa ndege" zinazouzwa Mtwara na Lindi

Wana Mtwara Kuchele na ndugu zetu wa Lindi, hela za korosho zimeanza kuingia na matapeli wa msimu nao wamewasili. Safari hii hawauzi viwanja vya watu. Kuna jamaa anazunguka Chikongola, Magomeni hadi Mikindani na gari dogo la mizigo, anauza betri za volti 12 na majenereta yenye stika za njano. Anadai ni vifaa vilivyotolewa kwenye mnara wa kuongozea ndege wa uwanja wetu baada ya ukarabati. Maneno yake hayabadiliki popote anapopita: "Mnara hauzimi hata TANESCO wakikata siku nzima. Hizi ndizo zilizokuwa zinaushika."

Mimi ni fundi umeme, na mizigo yake imeanza kuletwa kibandani kwangu. Mama mmoja muuza samaki wa Feri alichukua nne kwa ajili ya friza, laki tatu na nusu kila moja. Umeme ulipokatika jioni, friza likazima kabla taarifa ya habari haijaisha. Nilibandua stika ya "200Ah" (Ah ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kubeba) kwenye mojawapo, chini yake kukawa na nyingine ya kiwandani: 100Ah, mwaka 2014.

Kinachowaponza watu ni kwamba nusu ya hadithi yake ni kweli. Uwanja wa Mtwara umefanyiwa kazi kubwa, njia ya kurukia imerefushwa hadi mita 2,800, na kila mtu hapa anajua. Kwa hiyo akisema vifaa vya zamani vimetolewa, unaona inaingia akilini.

Sasa ngoja nieleze umeme wa mnara unavyokaa, maana ukishaelewa hapo huyu mtu hakupati tena. Umeme wa gridi ukikatika, kwa kawaida mnara haukusudiwi kuendeshwa na betri usiku kucha. Kazi hiyo ni ya jenereta la dizeli linalojiwasha lenyewe, na swichi inayohamisha umeme bila mtu kuigusa. Viwango vya shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, vinazipa taa za pembeni mwa njia ya kurukia sekunde 15 ziwe zimerudi. Kuna taa nyingine, zile za kutua au kuruka wakati haionekani mbali, ambazo zimepewa sekunde 1 tu. Kwa redio ya muongoza ndege anayezungumza na rubani, na kompyuta zilizo mbele yake, hata hiyo sekunde moja ni nyingi, ndiyo maana vinakaa kwenye UPS, kifaa chenye betri kinachoshika umeme papo hapo ukikatika. Betri za UPS zipo kushika zile dakika chache mpaka jenereta litulie. Basi.

Betri ya kazi hiyo hutengenezwa kwa namna yake: sahani nyembamba, itoe umeme mwingi kwa muda mfupi, halafu maisha yake yote ikae imejaa ikingoja. Wewe nyumbani unataka kinyume chake, itoe umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi, karibu kila siku, na kila siku ishuke sana. Ukiitumia hivyo inakufa haraka, hata ikiwa mpya. Na joto letu hili! Betri za risasi, hizi za asidi, hupimiwa nyuzi joto 25. Kila joto likipanda kama nyuzi 10 juu ya hapo, umri wake hupungua karibu nusu. Mafundi wa UPS huzitoa kwa sababu zimeishiwa nguvu. Kwa hiyo hata kama jamaa angekuwa anasema kweli tupu, anakuuzia kitu ambacho mnara umekikataa. Huo ndio upuuzi wa tangazo lake na sijui kwa nini hatumuulizi.

Vifaa vya umeme vya mnara navyo huharibika, tusidanganyane. Tarehe 1 Januari 2023 mfumo wa umeme wa kituo cha kuongozea ndege cha Manila, Ufilipino, ulileta hitilafu, UPS ikashindwa, na anga ya nchi nzima ikafungwa kwa saa kadhaa. Walipojaribu kuunganisha moja kwa moja na umeme wa kawaida, zikaingia volti 380 kwenye vifaa vya volti 220, vikaharibika. Hapo ni kwa wataalamu.

Nalitaja hilo kwa sababu ya majenereta ya huyu jamaa. Anawashauri wateja wachomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani "lilishe nyumba nzima", bila chenjiova, yaani swichi ya kutenganisha umeme wa jenereta na wa TANESCO. Msifanye hivyo kabisa. Umeme unatoka kwako unarudi kwenye waya za mtaani, unapanda volti kwenye transfoma, na fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo anadhani laini imekufa. Huo si utapeli tena, ni kuua mtu.

Hati zake pia ni kichekesho. Waongoza ndege wako chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, uwanja uko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Zote ni taasisi za umma. Mali chakavu ya umma huuzwa kwa zabuni au mnada wa hadhara uliotangazwa, na malipo yanaingia Serikalini kwa namba ya kumbukumbu. Haiuzwi na kijana mwenye gari, anayetaka utume nusu kwanza kwenye namba ya simu yenye jina lisilo lake. Ukimwomba risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, anasema mashine iko Dar.

Ukikutana na betri yoyote ya mtumba, ipime kwa mzani. Betri ya risasi ya 200Ah ina kilo kama 50 hadi 65. Ile ya mama wa Feri haikufika hata 35. Usidanganyike na mita akikuonyesha volti 12.8, betri iliyochoka ikitoka kwenye chaji inaonyesha hivyohivyo. Ifungie mzigo wa wati 60 mbele yake, mkae. Betri nzima ya 100Ah itavuka muda wa saa kumi bila shida. Yake ikishuka chini ya volti 10.5 ndani ya saa moja, mrudishie mzigo wake.

Jina lake silitaji hapa, polisi tumeshawapa pamoja na namba ya gari. Waliokwisha kununua nendeni kituoni mkachukue RB (namba ya taarifa yenu polisi), na msifute ujumbe wa muamala. Aliyetuma hela leo apige simu kwa mtandao wake sasa hivi, kabla haijatolewa, kisha atume neno UTAPELI kwenda 15040 na kufuata maelekezo. Betri zenyewe msizipasue kutafuta risasi, mna watoto nyumbani na ile asidi inaunguza.