Boti ya matumbawe Msimbati: uliza mwezi kwanza, bei baadaye

Nimeenda mara mbili kuogelea na miwani kutazama matumbawe Msimbati, kule Mtwara, vijana walewale boti ileile, elfu 30 kwa kichwa ukiacha kiingilio cha hifadhi ya bahari, na nikiambiwa nitoe nyota nashindwa maana ya kwanza ilikuwa hasara tupu na ya pili mpaka leo naisimulia.

Ya kwanza mwezi wa tatu. Mvua imepiga wiki nzima, mto Ruvuma umejaa unamwaga tope baharini, halafu siku yenyewe bamvua, yale maji ya kujaa na kupwa sana, yanavuta na kufukua kila kitu chini. Navaa miwani nainamisha kichwa, kijani tupu kama mchuzi wa kisamvu, nikinyoosha mkono vidole vyangu mwenyewe navitafuta. Nahodha ananiambia "dada vumilia, mbele kuna maji meupe." Mbele ipi kaka, tumezunguka saa nzima! Walijua wale, wamekulia palepale, na hela wakachukua.

Shemeji yangu aliyesoma Bergen, Norway, alinicheka sana. Anasema hata kwenye zile fiyodi zao, mikono mirefu ya bahari inayoingia katikati ya milima, ni hivyohivyo, kila msimu na mwanga wake: kipupwe maji maangavu ila mchana wa Desemba ni kama masaa sita tu na jua limelala, haliingii ndani, mwanga ukirudi mwezi wa tatu wa nne vijimea vidogovidogo vinazaliana kwa fujo maji yanakuwa kijani, kiangazi ndo theluji ya milimani inayeyuka, maji ya mito yanakaa juu ya yale ya chumvi kama mafuta kwenye mchuzi. Wao wanapima uangavu wa maji kwa sahani nyeupe ya sentimita 30, wanaishusha na kamba mpaka ipotee machoni, wanasoma kamba. Basi hawa wetu wangeshusha hata sinia la pilau kabla ya kupokea hela ya mtu.

Ya pili katikati ya mwezi wa kumi, maleleji, kusi imekata kaskazi haijaingia, mvua bado, maji mafu hayavuti kama ya bamvua, na siku hizo jua la mchana hapa kwetu linakaa utosini kabisa. Aisee! Mwanga ulipiga mpaka chini, unacheza kwenye mchanga kama wavu. Kijana mmoja mwenye bukta nyekundu akazama kunionyesha pweza, kufika chini bukta imekuwa kahawia ya tope, nikadhani macho yangu, kumbe nyekundu ndo inamezwa mapema na maji, bluu ndo inayofika mbali. Akajimulika na tochi, wekundu ukarudi palepale, nilicheka mpaka nikanywa chumvi.

Vifaa vyao vibovu lakini. Miwani mpira umechoka inavuja, mrija una ladha ya petroli.

Wamenipigia juzi, eti njoo dada mwezi wa pili kuna ofa. Nimewaambia tuonane maleleji, na mrija nimeshanunua wangu.